Jani Ndani ya Bahasha

4 Februari

Kwa mpwa wangu, Daktari wa Majani,

Pokea salamu za nyumba nzima, pamoja na za kuku, ambao msimu huu wamegoma kutaga na hawajatoa sababu. Mimi ni mzima ukiacha masikio, yamechukua likizo bila ruhusa. Mkaza mjomba wako huniambia jambo mara tatu, mara ya nne anamwambia jirani, na jirani ndiye anayekuja kunipigia kelele. Goti lake limepoa. Paa la jiko tumelibadilisha mabati, sasa mvua inaingilia mlangoni kama mgeni mwenye adabu.

Nimesikia umeacha serikali na sasa u mshauri wa kampuni ya miche. Hongera. Ushauri ni kazi nzuri, unasema neno lako unaondoka, akiharibikiwa aliyelisikia ni shauri yake. Mimi nimebebesha miche maisha yangu yote, kikonyo cha mti mmoja juu ya shina la mwingine, na nikikosea inakufa mbele yangu huku mteja amesimama hapo hapo.

Jambo lenyewe ni dogo. Bibi anaumwa. Nasema ule mchungwa nyuma ya jiko, unaujua, ndio uliokuvunja mkono ukiwa mdogo. Tawi moja limekuwa la njano wakati mengine ni ya kijani, na machungwa yake yamebaki madogo, yamepinda, kitako kibichi. Nimeonja moja nikatema. Mbolea nimeweka, maji nimeweka, matusi pia nimeweka. Nikasema, kwa nini nihangaike na ninaye mtu anayelipwa kutazama majani? Nimekuwekea moja humu ndani, nimelichuma leo asubuhi nikalizungushia pamba yenye maji lisinyauke njiani. Breki, yule dereva wa lori la vitunguu, atakupa mkononi. Nimemwambia asiikunje bahasha.

Niambie ni mbolea gani inayotakiwa.

Mjomba wako


9 Februari

Shikamoo Mjomba, na shikamoo ya mkaza mjomba umfikishie. Nafurahi goti limepoa. Mimi ni mzima, chumba nilichopanga kina dirisha kubwa na mwenye nyumba asiyesema sana.

Ningekupigia simu, lakini mara ya mwisho mtaa wangu wote ulinisikia isipokuwa wewe. Nimempigia mkaza mjomba, akasema mambo ya miche ni yako, yeye hatii mkono. Basi naandika. Soma mpaka mwisho kabla hujacheka.

Usinitumie jani tena. Wala tawi, wala tunda, wala udongo. Breki alinikuta kazini, nami nikafungua bahasha mezani kwangu. Meza hiyo iko ukuta kwa ukuta na nyumba ya wavu ambamo kampuni inalea miche ya michungwa ya bonde lote hili. Nilipofunua pamba, kitu kama punje ya ufuta kiliruka.

Nilifunga mlango. Nilivua koti langu jeupe nikaziba nalo chini ya mlango. Mhudumu akagonga na chai, nikamwambia aondoke, na sauti iliyotoka haikuwa yangu. Nilipanda juu ya meza, nikatazama dari, nikatikisa mapazia, nikapekua nywele zangu kwa vidole. Nilimpata mdudu huyo kwenye kioo cha dirisha akitembea kuelekea penye mwanga, nikambonyeza kwa kidole gumba. Kisha nikakaa sakafuni, nikaendelea kutazama dari.

Nimempata mmoja. Sijui kama walikuwa wawili.

Unaelewa kwa nini naogopa? Bonde hili halina ugonjwa ninaoushuku, ule wa michungwa unaobebwa na mdudu kama huyo. Nilipokuwa Idara ya Afya ya Mimea, mimi mwenyewe ndiye niliyeweka kile kizuizi darajani, mtu asivushe hata jani la mlimau. Sasa limepita, limekuja hadi mezani kwangu, na aliyelituma ni mjomba wangu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nijibu haya moja moja. Ukigeuza majani machanga ya Bibi, unaona wadudu wadogo waliokaa matako juu, kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka? Vikonyo vya kubebesha unavikata kwa Bibi? Na miche hiyo, ikishatoka kitaluni kwako, inakwenda wapi?

Jani nimelipeleka maabara ya mtu binafsi. Sikuandika limetoka kwa nani.

Mpwa wako


2 Machi

Kwa mpwa wangu mwoga,

Marahaba, marahaba. Nimekawia kujibu kwa sababu kuku wamemaliza mgomo na nyumba imekuwa na shughuli. Jirani yetu fundi cherehani amepata miwani, sasa anayaona makosa yote aliyoshona miaka iliyopita na amekuwa mtu wa huzuni. Mkaza mjomba wako anauliza kama unakula.

Barua yako tumeisoma pamoja. Tulicheka ulipofika juu ya meza. Mtu mzima na digrii zake, anawinda ufuta!

Bibi hajambo. Lile tawi nimelikata na mti umechangamka. Wadudu wapo, mti gani hauna wadudu? Hata mimi nina mbu na hakuna aliyekuja kunikagua. Vikonyo nakata hapa na pale. Miche inakwenda kwa wenye mashamba, wanaipanda, inaota, ndiyo kazi ya mche. Ninyi watu wa afya ya mimea mna tabia moja, mkishika darubini kila mtu mgonjwa. Usisahau kwamba shule uliisoma kwa machungwa ya mti huo huo unaousingizia.

Nyanya za mkaza mjomba wako zimezaa vizuri sana. Angependa kukutumia lakini ameogopa kwamba utaziwekea kizuizi.

Mjomba wako

Hilo jani, wale wenzako wa zamani wa serikalini hawajaliona, au sivyo?


15 Machi

Shikamoo Mjomba. Mwambie mkaza mjomba kwamba nakula, na ninatamani nyanya zake.

Hukunijibu swali hata moja sawasawa. Mimi nakujibu lako: hawajaliona.

Maabara imetoa jibu. Bibi anao. Ugonjwa huu hauna dawa, Mjomba, si mbolea wala maji. Unaishi ndani kabisa, kwenye mishipa inayopitisha chakula cha mti. Mdudu anaunyonya hapa na kuutema pale, na kila kikonyo unachokata kinaondoka nao. Mche unaweza kukaa miezi mingi ukipendeza, mtu akausifu na kuumwagilia maji, kumbe anamwagilia maiti. Tawi ulilokata halikusaidia kitu.

Nakuomba ufanye hivi. Pulizia dawa ya wadudu kwanza, wafe wakiwa wametulia, maana ukikata kabla ya kupulizia watahamia kwa jirani. Kisha kata Bibi mpaka chini, ng'oa kisiki, choma hapo hapo. Na miche yote iliyobaki kitaluni ufanye vivyo hivyo. Najua ninachokuomba. Ndio mti pekee niliowahi kuuita kwa jina la mtu.

Sheria inanitaka niseme mara tu nijuapo. Sijasema. Mkono wangu haupendi hata kuiandika sentensi hiyo.

Sikuwahi kukueleza kwa nini niliacha serikali. Tulikwenda kwa mkulima mmoja kung'oa shamba lake. Aliposikia gari, akatoka na viti, akavipanga kivulini, akatukaribisha. Alidhani tumekuja kuitibu miti. Hakuna aliyekaa. Karatasi ya amri ilikuwa mkononi mwangu, nikamsomea nikiwa nimesimama, na misumeno ilipowashwa viti vilikuwa bado viko pale, vitupu. Jioni akavirudisha ndani kimoja kimoja. Hakutukana. Angetutukana pengine ningekuwa kazini hadi leo.

Nikikutaja, gari hilo litakuja kwako. Ndiyo maana nimenyamaza, na ndiyo maana silali. Nikiona kitu chochote cheusi kwenye kioo cha dirisha, nakiendea na kidole gumba, kumbe ni uchafu. Fanya mwenyewe, Mjomba, kabla hawajakuja watu wa kukufanyia.

Mpwa wako


21 Aprili

Shikamoo Mjomba. Mnaendeleaje? Nimengoja barua mpaka nimechoka. Breki amepita huku zaidi ya mara moja, na kila mara amesema hukumpa kitu. Barua hii siitumi kwa Breki, naitia posta, na utaona sababu.

Juzi kampuni ilinituma kwa mteja wake, mwalimu mstaafu, mwanamke mwenye shamba safi kuliko nyumba za watu wengi. Tulikagua miche ya kampuni, ikawa salama. Nilipoaga akaniambia kuna mstari mwingine nyuma ya zizi, miche aliyoipata kwa bei ya chini kwa dereva mmoja wa vitunguu. Akanipeleka.

Mjomba, kabla sijatazama jani nilitazama pale penye kiungo. Ukanda wa pakiti ya maziwa. Umezungushwa kutoka chini kwenda juu, bila fundo, ncha imechomekwa upande wa kushoto chini ya mzunguko wa mwisho. Ulinifundisha hivyo nikiwa na miaka saba, na nilishindwa kwa sababu mimi natumia mkono wa kulia. Sijamwona fundi mwingine anayefunga namna ile.

Majani yalikuwa na mabaka ya njano, upande mmoja wa mshipa hivi, upande wa pili vile, kama lile ulilonitumia. Nikageuza chipukizi. Walikuwepo, matako juu.

Yule mama aliniona bado nimeshika chipukizi akanituliza. Akasema, "Usiwe na wasiwasi, hii imekaguliwa. Mpwa wa fundi mwenyewe ni daktari wa mimea, ndiye aliyeipitisha." Akalitaja jina langu lote, na la baba yangu. Yeye mimi ananijua kama mtu wa kampuni tu. Nilisimama mbele yake nikisikiliza jinsi nilivyoipitisha miche yake.

Nilimwambia asiguse kitu, nitarudi. Nilifika kwenye gari nikashindwa kuwasha.

Kwa hiyo haikuwa jani moja. Njia ilikuwapo kabla ya bahasha, chini ya magunia ya vitunguu, ikivuka kizuizi nilichokiweka mimi. Niambie mashamba yote ilikopelekwa, huku bondeni na huko kwenu. Sikuulizi kwa nini ulitumia jina langu. Nitakuuliza siku nyingine, nikiwa na nguvu. Sasa hivi niambie mashamba.

Mpwa wako


3 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Sisi tupo. Kuku wako salama. Mkaza mjomba wako halali vizuri, anaamka kutazama barabara.

Breki haonekani na simu yake haipatikani. Jina lako ni yeye aliyelitaja kwanza kwa wateja, ili wasimsumbue. Mimi nilisikia nikanyamaza. Hilo nalikubali, na masikio hayahusiki.

Nilikwenda kwa Bibi na shoka. Nilipiga mara mbili, nikatazama nyuma, nikamwona mkaza mjomba wako mlangoni ameziba mdomo kwa mkono. Nikarudi ndani. Shoka liko pale pale limekwama, kila mtu anayepita anauliza kuna nini, namwambia natafuta kuni.

Naogopa, mpwa wangu. Sijaogopa hivi tangu mama yako alipoanza kukohoa. Wewe unaogopa wadudu, mimi naogopa watu. Nimewapa miche majirani wote hawa. Fundi cherehani amepanda mitatu mbele ya duka lake na anaionyesha kwa wateja. Siku watakapoambiwa ni migonjwa na imetoka kwangu, nitapita njia gani kwenda dukani? Kitalu kikichomwa mimi nitakuwa nani? Mzee asiyesikia, basi.

Usinitaje. Andika "fundi mmoja." Mafundi ni wengi. Miche ya huku nitaing'oa mwenyewe pole pole, mmoja mmoja, watu wasijue. Damu nzito kuliko maji, na nadhani ni nzito kuliko utomvu pia.

Mjomba wako


8 Mei

Shikamoo Mjomba.

Nimesema.

Nilijaribu kufanya ulivyoomba. Niliketi nikaandika "fundi mmoja", nikalitazama neno hilo kwa muda mrefu. Wakimtafuta fundi mmoja, watavamia vitalu vya mafundi wote, na wakati wanahangaika na wasio na kosa, wadudu wanatoka kwenye miche yako kwenda kwenye mashamba ya watu ambao hawajawahi hata kukuona. Pole pole yako haitoshi, Mjomba. Wao hawaendi pole pole. Nikafuta, nikakuandika wewe. Juu ya jina lako nimejiandika mimi: jani nililipokea lini, nililifungulia wapi, na kwamba nilinyamaza nikijua.

Meneja ameniomba funguo kwa upole. Nyumba ya wavu imefungwa, wanapima mche baada ya mche, na kama wale wadudu walikuwa wawili tutajua. Ushauri wangu sidhani kama kuna atakayeuhitaji tena, na idara ya zamani bado haijasema itanifanya nini. Nilirudi kwa yule mwalimu kabla hawajafika kung'oa, ili asisikie kwa mwingine. Alinitazama akasema, "Kumbe ni wewe." Kisha akaenda kufungua lango.

Watafika kwenu mwisho wa wiki ijayo. Nimeomba niwe nao, wamekubali kwa sababu najua njia. Pulizia dawa kabla hatujafika. Usihamishe mche hata mmoja, usifiche hata mmoja, nakuomba kwa jina la mama.

Utanikasirikia, na una haki. Nitashuka kwenye lile gari mbele ya nyumba iliyonilea. Siogopi msumeno wala majirani. Naogopa utatoka na viti.

Mpwa wako


13 Mei

Kwa mpwa wangu, Daktari wa Majani,

Marahaba. Barua yako imewahi. Nilisoma "Nimesema" nikaitupa, na mkaza mjomba wako ndiye aliyenisomea iliyobaki, akinipigia kelele sikioni neno kwa neno, kwa hiyo majirani walijua wakati mmoja na mimi. Hapo siri ikaisha.

Nilikutukana. Siandiki nilichosema. Nilisema kuwa nimelea nyoka, na mengine, mpaka mkaza mjomba wako akaninyang'anya kikombe. Sikula siku hiyo. Kesho yake nikachukua bomba la kupulizia, nikatandika shuka chini ya Bibi, nikapulizia hadi bomba likakauka. Wadudu walianguka wengi sana. Miaka yote nimeutunza mti huu na sikujua kuna watu wanaoishi humo. Mficha maradhi, kifo humuumbua, nilikuwa nikikuambia hivyo ulipokuwa ukificha jino bovu.

Baadaye nikaenda kwa fundi cherehani. Nilishika ukuta njia nzima. Nilimwambia kila kitu, akavua miwani yake akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Sikusikia alichosema na sikumwomba arudie. Lakini alikwenda mwenyewe kupulizia mitatu yake. Wengine wawili walinifungia mlango. Nimebakiza wengi, na kila nikifikia lango la mtu natamani liwe limefungwa. Majina sijaandika popote, nawajua kwa nyuso. Wenzako wakifika nitawapeleka lango kwa lango, nikitangulia mimi. Ya bondeni Breki ndiye anayeyajua. Waambie watu wa kizuizini wafunue vitunguu.

Sijahamisha mche. Nilitaka. Kuna mmoja mdogo, mzuri, nilikuwa nimeshaubeba hadi nyuma ya pipa. Mkaza mjomba wako akauona akaurudisha mstarini.

Viti nitatoa. Usiogope, safari hii mwenyeji anajua wageni wanakuja kufanya nini. Waambie wenzako wakae kidogo, wanywe maji, mti hauna pa kukimbilia. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, ndivyo ninavyojipa moyo tangu asubuhi.

Chako nitakiweka mlangoni pa jiko, kando ya changu, nikiwa nimeupa mti mgongo. Usisimame na wenzako. Ile amri usinisomee, sitaisikia, na msumeno sitausikia vilevile. Nishike mkono tu, nijue wameanza.

Mjomba wako